Mtoto Anayelia Hanitishi

1/
Wana-roki wenzangu wa Moshi, pamoja na nyie wa Arusha mliokuja mkala nyama yetu mkaondoka bila hata kuchangia mkaa: naanza uzi. Ni mrefu, kwa hiyo chukueni chai. Jumapili niliwajibu kwa ufupi kwa sababu nilikuwa naingia naiti. Leo niko ofu, na hasira yangu imepoa kiasi cha kuandikika.

Mlisema albamu ya Duma ni kelele tu. Mmoja akaongeza kuwa ni kelele za kuwafurahisha wazungu. Kaka yetu wa gita, ambaye namheshimu, aliizima kabla wimbo wa 3 haujaisha, akaweka Metallica, mkapiga makofi. Mtu kuzima muziki asioupenda ni haki yake. Makofi ndiyo yameniletea uzi huu.

2/
Kwa wanaopita hapa na hawajui tunagombania nini. Duma ni vijana wawili wa Nairobi: Martin Khanja anayeimba, ambaye siku hizi anajulikana kama Lord Spikeheart, na Sam Karugu wa gita na mitambo. Wote wametokea kwenye bendi za hevi metali za Nairobi. Walirekodi Kampala mwaka 2019, albamu ikatoka Agosti 2020, nyimbo 9, na jina lake ni hilohilo la kundi. Si yule mnyama mwenye mbio, ingawa lingewafaa. Wenyewe wanasema ni Kikuyu, maana yake giza. (Mkienda sokoni Nairobi mkasikia "nduma" msiogope, hayo ni magimbi, kama yale yanayoota kando ya mifongo huko kwetu juu.)

Lebo iliyoitoa ni ya Kampala, Nyege Nyege Tapes. Jina hilo usilitamke mbele ya mama mkwe. Waganda wanasema kwao ni ile hamu ya kucheza isiyozuilika. Sisi Waswahili tunajua tunachokijua.

3/
Nianze kwa kukubali mnachokisikia. Ngoma za kompyuta zinakwenda kasi mpaka mapigo yanashikana, huwezi tena kuhesabu moja mbili, ni kama mvua ya masika kwenye bati. Gita halipigi wimbo, linasaga. Pita asubuhi kwa mafundi wanaochomelea mageti, grenda ikigusa chuma, ndiyo sauti hiyo. Juu ya yote Khanja ananguruma kutoka tumboni, halafu ghafla sauti inapanda inakuwa nyembamba, ya mtu aliyebanwa vidole na mlango wa Hiace. Hakuna kiitikio cha kuimba pamoja. Hakuna mahali pa kuwasha tochi za simu na kuyumba.

Hayo yote ni kweli, na mimi siwabishii. Tunapoachana ni kwenye neno moja dogo mlilolibandika mwishoni. Kelele *tu*. Hilo "tu" ndilo ninalolikataa.

4/
Mnajua kazi yangu, na kwa hili inahusika.

Wakija watoto watano kwa mpigo mapokezi ya dharura, nani anaonwa kwanza? Ndugu watakuonyesha anayelia zaidi: "Sista, muone huyu, amelia tangu Himo!" Muuguzi aliyefundishwa anapita, anamtafuta aliyenyamaza. Anayelia kwa nguvu ameshaniambia mambo matatu bila kipimo chochote: njia yake ya hewa iko wazi, pumzi anayo, na fahamu anazo za kujua kwamba anaumia. Atasubiri kidogo. Mtoto anayelia hanitishi. Anayenitisha ni yule aliyelegea begani kwa mama yake, macho nusu, ukimchoma sindano anakunja uso tu. Huyo ndiye tunayekimbia naye.

Na inaanzia dakika ya kwanza ya maisha. Daktari Virginia Apgar wa Marekani alitunga alama za kumpima mtoto anapozaliwa, mwaka 1952, na mpaka leo kila leba inazitumia. Kwenye upumuaji, mtoto anayelia kwa nguvu anapata 2, yaani alama zote. Anayepumua kwa kusuasua anapata 1. Asiyepumua, 0. Hakuna alama ya ziada kwa anayelia kwa sauti tamu.

Kwa hiyo mtu mzima, mpenzi wa roki miaka 20, anaponiambia "huyu jamaa anapiga kelele tu," sikio langu linasikia sentensi ambayo haijaisha. Anapiga kelele, ndiyo. Amekwambia nini?

5/
Nyie mliokulia mlimani, Machame, Kibosho, Marangu, Rombo, mnajua yowe. Moto umeshika banda la ng'ombe saa 8 usiku. Polisi wako chini huko mjini, zimamoto ndiyo usiseme. Mtu anatoka nje anapiga yowe. Jirani wa ng'ambo ya mfongo analipokea, anatoka na panga na ndoo, naye analirusha kwa wa juu yake, mpaka kijiji kizima kimesimama kwenye kihamba kimoja. Kuna hata mmoja aliyewahi kufungua dirisha akasema yowe hili halina melodi?

Na msibani. Shangazi amesafiri usiku kucha kutoka Dar, basi limemshusha njia panda, amepanda kwa bodaboda kimya kabisa. Anafika getini, anaona turubai, kile anachokitoa pale si wimbo. Kinakwaruza. Watoto wanakimbia. Lakini wote waliokaa kwenye viti vya plastiki wanajua kimetoka wapi, na wengine ndiyo kwanza wanapata ruhusa ya kulia.

Kwa hiyo msiniambie sauti ya namna hii ni ngeni kwetu. Tunayo. Tumeipangia mahali, moto na msiba, na tunaogopa ikitokea nje ya hapo.

6/
Lakini sisi haohao tuna ugonjwa wa kusifia ukimya. Mama akijifungua bila kutoa sauti anasifiwa ukoo mzima. Akilia anaambiwa nyamaza, wewe si wa kwanza kuzaa. Kila mwanamke aliyezalia Tanzania ama ameambiwa maneno hayo ama amesikia jirani yake wa kitanda cha pili akiambiwa. Wanaume ndiyo kabisa, wao wanalia kwa ndani, halafu tunashangaa presha.

Ukimya huo kitabibu haunisaidii kitu. Maumivu hayana mashine. Joto nina kipimajoto, presha nina mashine, sukari nina kijiti, lakini maumivu namuuliza mgonjwa: kutoka 0 mpaka 10, uko wapi? Akijikaza akaniambia 3 kwa sababu baba mkwe amesimama pembeni, mimi naandika 3, na anapata dawa ya 3.

Mlipoizima Duma mkapiga makofi, samahani, lakini nilimsikia yule muuguzi mkali wa leba. Nyamaza, si wewe wa kwanza kuumia. Umia kwa utaratibu, na ukifika kwenye kiitikio tutaimba pamoja.

7/
Kuna kijana alikuwa amekaa nyuma Jumapili, wengi wenu hamkumsalimia hata. Ni mpagazi, anapandisha mizigo mlimani. Baadaye aliniomba nimtumie albamu. Nikamuuliza ameipendea nini, maana nilidhani ni adabu tu. Akasema: "Dada, hii ndiyo Barafu usiku."

Kwa wasiopanda, Barafu ni kambi ya mita zaidi ya 4,600, ya mwisho kabla ya kilele kwa njia ya Machame. Wageni wanaondoka hapo karibu saa 6 usiku kwenda Uhuru. Wapagazi wengi wanabaki kwenye mahema na upepo. Akaniambia turubai linapiga usiku kucha hivyohivyo, haraka kuliko unavyoweza kuhesabu, kichwa kinauma kwa urefu wa mlima, na kesho kuna kilo 20 za kuteremsha. Hakuna wimbo wowote kuhusu kazi yake uliowahi kumfikia, maana nyimbo za Kilimanjaro zote ni za mlima unavyopendeza ukiutazama kutoka chini.

Hayo ni ya kwake, sikumwekea maneno mdomoni. Vijana wale wawili wa Nairobi hawakuwa wakimfikiria mpagazi wa Kilimanjaro, na sina sababu ya kuamini wamewahi kulala Barafu. Lakini yeye alikuwa anasikiliza, nanyi mkamzimia.

8/
Sasa hoja zenu moja moja. Kwanza: "Hii si roki."

Kaka wa gita alisema roki ni gita la solo, la ridhimu, besi na mtu wa dramu anayetoka jasho. Kaka, hiyo ni bendi ya dansi bila tarumbeta. Naelewa unakotoka, sisi wote tumelelewa na solo la Mbaraka Mwinshehe kwenye redio ya baba, sikio la Mtanzania linasubiri gita liongee kama mtu. Ni sikio zuri. Lakini usiligeuze kuwa katiba ya roki.

Nusu yenu mna fulana ya Nirvana kutoka mitumba ya Memorial. Mnaipenda In Utero ya 1993. Aliyeirekodi ni Steve Albini, na mnajua kilichotokea: wakubwa wa kampuni waliposikia hawakufurahi, ikawa ni chafu mno, haiuziki, na baadhi ya nyimbo zikaguswaguswa kabla ya kutoka. Sasa bendi ya Albini mwenyewe kabla ya hapo, Big Black, haikuwa na mpiga dramu. Ilikuwa na mashine ya ngoma, nao wakaiandika kwenye majalada kama mwanabendi, jina lake Roland. Hiyo ni miaka ya 1980. Mwaka 1989 Godflesh wa Birmingham wakatoa Streetcleaner, mashine ya ngoma tupu kutoka mwanzo hadi mwisho, na leo hakuna mtu wa hevi metali mwenye akili zake anayewatoa kwenye ukoo. Kama mashine ya mzungu wa Birmingham ni roki, ya Karugu aliyoipangia Kampala ina kasoro gani?

Na kwa kuwa tumefika Birmingham. Tony Iommi wa Black Sabbath, mnayemwita baba wa yote haya, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha mabati. Mwaka 1965, siku yake ya mwisho kazini, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Yeye ni shoto, kwa hiyo ndivyo vidole vya kubania nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vifuniko, akatafuta nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza zaidi zisimuumize. Ule mzito mnaoupenda, ule unaotetemesha kifua, sehemu yake kubwa umetoka kwenye kidonda. Nimefunga vidole vya namna hiyo vya watu wa viwanda vya mbao, najua ncha ya kidole iliyokatika inavyouma hata ikiguswa na shuka. Roki hii ilianza na mtu anayeumia akitafuta namna ya kuendelea kupiga. Mkishasahau hilo mnabaki na fulana.

9/
Pili: "Sikusikia neno hata moja."

Jamani. Nchi hii imecheza Kilingala tangu enzi za wazazi wetu. Franco, Pepe Kalle, Kanda Bongo Man. Baba zenu walioa kwa Kilingala. Waliitikia kwa sauti, mikono juu, maneno ambayo hakuna aliyejua kama ni mapenzi, kisiasa au tangazo la duka la nguo. Hakuna aliyesema si muziki. Bibi zetu wa Kibosho na Kilema waliimba misa kwa Kilatini na machozi yakawatoka.

Neno lina kazi yake, nakubali, na ningependa Khanja atamke zaidi. Lakini sauti ya mtu ina habari kabla haijawa neno. Mgonjwa wa kiharusi aliyepoteza maneno bado unajua amekasirika au ana kiu.

10/
Tatu, ndiyo iliyonichefua zaidi: "Wanawapigia wazungu."

Lebo hiyohiyo ya Kampala, mwaka 2017, ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso, Mburahati, Dar es Salaam. Singeli! Mapigo 200 kwa dakika na zaidi, kinanda kinalia kama king'ora, mtu anaongea juu yake mpaka unamwombea apumue. Na nyie mnaiporomokea. Nimewaona kwenye sendofu, mna makoti, mna tai, singeli ikigonga mama mkubwa anaingia katikati na mkoba wake kichwani. Hakuna aliyesema kasi hii ni ya wazungu. Ikitoka Mburahati ni uchangamfu, ikitoka Nairobi na gita juu yake inakuwa ni kujipendekeza?

Ni kweli Duma wamepigwa zaidi kwenye matamasha ya Ulaya kuliko Arusha. Sub Pop ya Seattle, lebo iliyotoa albamu ya kwanza ya Nirvana mwaka 1989, Bleach, baadaye nayo ikawatolea wimbo, Cannis. Kwa nini walikwenda huko? Angalieni Jumapili yenu mpate jibu. Ukiwazimia watu nyumbani wimbo wa 3 haujaisha, usiwalaumu wakienda kulala kwa jirani.

Kuhusu mizizi, Khanja alipotoa albamu yake mwenyewe 2024, The Adept, aliitoa kwa heshima ya mama wa babu zake, Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha juu kabisa cha ujemadari katika Mau Mau na ambaye alizibeba nywele zake za msituni mpaka 2022 ndipo zikanyolewa. Huyo ndiye "anayewapigia wazungu".

Ila na nyie wa upande wangu msicheke sana. Wapo wawili watatu mnaoisifia Duma kwa sababu tu imeandikwa vizuri London, na mkiulizwa wimbo gani umekugusa mnataja jina la gazeti. Nyie mnanichosha kuliko wanaoizima. Anayezima angalau amesikia kitu.

11/
Nne. Hii nimeiacha mpaka sasa kwa sababu haina utani.

Albamu ina wimbo unaoitwa Kill Yourself Before They Kill You. Mwalimu wetu, yule anayefundisha sekondari, alisimama akasema hicho ndicho kinachomfanya asitake vijana wake waisikie. Wengine mlitumia hoja yake kama fimbo tu ya kuipigia albamu, lakini yeye alikuwa na hofu ya kweli, kwa hiyo namjibu yeye.

Mwalimu, jina hilo silipendi. Nimekaa pembeni ya vitanda vya watu walioletwa usiku baada ya kujaribu kujitoa uhai, na nimekaa na mama zao kwenye benchi. Mtu aliye kwenye hali hiyo simpi wimbo wenye jina hilo, na kama ningekuwa chumbani walipokuwa wanachagua majina ningewaambia wazi. Mimi nalisikia kama kauli ya uchungu ya mtu anayeona ulimwengu umempania, si maelekezo. Lakini si kila msikilizaji ana siku nzuri ya kutofautisha.

Tunapotofautiana ni hapa. Marekani walishaipeleka hofu hii mahakamani. Mwaka 1990, huko Nevada, Judas Priest walishtakiwa na familia za vijana wawili, kwamba wimbo kwenye albamu yao ya 1978 ndio uliowasukuma. Jaji aliifuta kesi. Ukisoma maisha ya vijana wale kabla ya siku ile unaona nyumba zenye vipigo, pombe na shule iliyokatika. Wimbo ndio uliokuwa rahisi kushtaki.

Na kwetu, je? Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Kenya wana kifungu kama hicho, na Mahakama Kuu yao ilikitangaza kuwa kinyume cha katiba Januari 2025. Hicho ndicho kinachofanya familia ziandike uongo mapokezi, "alikunywa kwa bahati mbaya," na mimi namtibu mtu kwa hadithi ambayo si ya kwake. Anaruhusiwa kurudi nyumbani, hakuna aliyemuuliza swali lililotakiwa kuulizwa. Mwalimu, kama unatafuta kinachowaua vijana wako, huo ukimya uko juu ya Duma kwa mbali.

Swali lenyewe ni hili, lijifunzeni: "Umewahi kufikiria kujiua?" Hivyohivyo, wazi, kwa upole, mkiwa wawili. Watu wanaogopa kwamba kuuliza kutampandikizia mtu wazo. Hakumpandikizii. Mara nyingi anashusha pumzi kama aliyetuliwa gunia. Ukiambiwa ndiyo, usimwache peke yake, mlete hospitali, yoyote iliyo karibu. Na kama wewe unayesoma hapa ndiye, niandikie leo, usisubiri uzi uishe.

12/
Je, albamu haina kasoro? Inazo, nami naisikiliza kwa masikio yangu, si kwa bendera. Nyimbo za katikati zinakaribiana mno, kuna mahali nashindwa kujua kama tumeshavuka kutoka mmoja kwenda mwingine. Wakati mwingine sauti ya Khanja imezamishwa chini ya mitambo wakati ndiyo silaha yao. Na ningetamani nafasi zaidi ya kupumua, maana baada ya muda sikio linazoea na kinachotakiwa kutisha kinageuka kuwa kama feni. Lionsblood na Angels and Abysses nitazitetea popote, hata mbele ya askofu. Nyingine tutazungumza.

Mkija na hoja za namna hii, tunaelewana. Kaka wa gita, wewe ungeweza kuniambia gita la Karugu limechezewa vibaya wapi, una sikio kuliko mimi. Badala yake ukatafuta rimoti.

13/
La mwisho, dada wa duka la dawa aliuliza kama muziki huu unaharibu masikio.

Sikio halijui Duma wala kwaya ya vijana, linajua ukubwa wa sauti na muda. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 unaweza kusikiliza hadi saa 40 kwa wiki, lakini ukipanda 90 zimebaki saa 4 tu, kwa wiki nzima. Simu nyingi siku hizi zinakuonyesha kipimo hicho kwenye mipangilio ya sauti, kiangalieni. Ukitoa earphone na masikio yanalia wii, ulizidisha. Likiendelea mpaka kesho yake, nenda ukapimwe.

Mimi naisikiliza nikitoka naiti, kwenye daladala ya kwanza, sauti ikiwa nusu. Mnaotaka albamu semeni hapa chini, mpagazi ameshapata yake.